Je, Wajua? Pointi Mbili, Hukumu Mbili

Pale Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, kahawa inapoanza kumiminwa baada ya alasiri, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye mpira, na mpira nao hauchukui muda kufika kwa kocha. Kashinda ngapi? Kafungwa ngapi? Kasajili nani? Kwa maswali hayo matatu mtu hupandishwa cheo au hufukuzwa kazi kabla kikombe cha pili hakijamalizwa. Tumekusanya hapa mambo yanayoonyesha jinsi maswali hayo yanavyoweza kumwonea kocha mmoja na kumbeba mwengine, na mengi kati yake yametokea hapa hapa Unguja.

Je, wajua kuwa Taifa Stars ilipata pointi mbili katika fainali mbili za AFCON zilizofuatana, mara moja ikarudi nyumbani ikiwa ya mkiani na mara nyengine ikaingia kwenye historia?

Januari 2024, nchini Ivory Coast, Stars ilifungwa 3-0 na Morocco katika mechi ya kwanza. Siku mbili baadaye CAF ilimfungia kocha Adel Amrouche mechi nane kwa matamshi aliyoyatoa kuhusu shirikisho la soka la Morocco. TFF, shirikisho la soka la Tanzania, nayo ikamsimamisha, na benchi la ufundi likakabidhiwa Hemed Suleiman, Mzanzibari ambaye wapenzi wa mpira wanamjua zaidi kwa jina la "Morocco". Aliikuta timu katikati ya mashindano, haina pointi, imetoka kufungwa mabao matatu. Akatoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Kongo ya Kinshasa. Pointi mbili zote za Tanzania zilikuwa zake, na yeye binafsi hakufungwa. Kundi likamalizika na Stars ikiwa ya mwisho.

Disemba 2025, safari hii ndani ya Morocco yenyewe, kocha alikuwa Miguel Gamondi wa Argentina, aliyepewa timu Novemba baada ya TFF kuachana na Hemed. Stars ilifungwa 2-1 na Nigeria, ikatoka 1-1 na Uganda, ikatoka 1-1 na Tunisia. Sare mbili, kipigo kimoja, ushindi hakuna, sawasawa na mara ya kwanza. Lakini pointi zile zile mbili sasa zilitosha kuiweka miongoni mwa timu nne bora zilizoshika nafasi ya tatu. Angola nayo ilikuwa na pointi mbili na tofauti ile ile ya mabao. Stars ilipita kwa kuwa ilifunga mabao matatu na Angola mawili. Bao lililosawazisha dhidi ya Tunisia lilikuwa la Feisal Salum, kijana wa Unguja. Tanzania ikafika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu ilipoanza kushiriki mwaka 1980, na ikatolewa 1-0 na wenyeji.

Na nani aliikata tiketi ya kwenda huko? Hemed. Katika mechi sita za kufuzu alizosimamia mwaka 2024, Stars ilishinda tatu, ikatoka sare moja na kufungwa mbili na Kongo: pointi 10, moja mbele ya Guinea. Guinea hiyo ilifungwa nje na ndani, 2-1 ugenini na 1-0 nyumbani kwa bao la Simon Msuva. Mimi sioni namna ya kulitaja jina la Gamondi katika historia ile bila kulitaja la Hemed kwanza.

Je, wajua kuwa miezi mitatu tu ilitosha kubadilisha hukumu ya kocha huyo huyo?

Agosti 2025 Hemed aliiongoza Stars katika CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani yaliyofanyika Kenya, Tanzania na Uganda. Aliwafunga Burkina Faso, Mauritania na Madagascar, akatoka sare na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na Tanzania ikaingia robo fainali kwa mara ya kwanza, ilikotolewa na Morocco kwa bao moja. Septemba, katika kufuzu Kombe la Dunia, Stars ilikuja uwanja wa Amaan, hapa Unguja, ikafungwa 1-0 na Niger. Oktoba ikafungwa tena 1-0 na Zambia, uwanja ule ule. Novemba kibarua cha Hemed kikaota nyasi. Mabao mawili, yote mbele ya watu wa kwao, yalizima kila kilichotangulia.

Je, wajua kuwa timu iliyofungwa kwa penalti huandikwa kuwa imetoka sare?

Hii ni sheria ya vitabu vya takwimu, na Zanzibar inahusika nayo sana. Disemba 2017 Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, ikiwa chini ya Hemed, ilikwenda Kenya kucheza Kombe la CECAFA bila ya mtu kuipa nafasi. Iliifunga Rwanda 3-1. Ikaifunga Tanzania Bara 2-1. Ikatoka 0-0 na wenyeji, ikafungwa 1-0 na Libya, na katika nusu fainali pale Kisumu ikawang'oa Uganda, mabingwa watetezi, kwa 2-1. Fainali ilichezwa Machakos tarehe 17 Disemba. Kenya ilitangulia mara mbili na Khamis Musa Makame akasawazisha mara mbili. Kwenye mikwaju ya penalti kipa Patrick Matasi akapangua mitatu, na kombe likabaki Kenya.

Sasa hesabu mechi. Kenya mabingwa: ushindi mara tatu, sare tatu. Zanzibar: ushindi mara tatu, sare mbili, kipigo kimoja. Idadi ya ushindi ni ile ile. Anayewapima makocha kwa asilimia ya ushindi atawapa wote wawili hamsini kwa mia, na atakuwa hajakosea hesabu. Kilichowatenganisha ni mikono ya Matasi. Paul Put, kocha aliyeipa Kenya kombe lile, aliondoka kazini Februari 2018, miezi miwili tu baadaye, wakati Heroes walioshindwa walipokewa Unguja kwa shangwe ambazo mabingwa wengi hawazipati.

Kombe la CECAFA Zanzibar imelichukua mara moja tu, mwaka 1995 nchini Uganda. Tangu siku hiyo kila kocha anayepewa Heroes hulinganishwa na mwaka huo mmoja.

Je, wajua kuwa kuna miezi minne ambayo kocha wa Zanzibar angeweza kuiota AFCON?

Tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Tarehe 21 Julai mwaka huo huo, mjini Rabat, uanachama ukafutwa, kwa hoja kwamba Zanzibar ni sehemu ya nchi ambayo tayari ni mwanachama. Klabu zetu zinaendelea kucheza mashindano ya Afrika, lakini Heroes haina kufuzu AFCON wala Kombe la Dunia. Maana yake kwa kocha ni nzito. Mwenzake wa Rwanda au Burundi ana mechi nyingi za kujijengea jina kila mwaka. Huyu wa Zanzibar ana CECAFA, ambayo miaka mengine haichezwi, na Kombe la Mapinduzi lilipogeuzwa kuwa la timu za taifa Januari 2025. Heroes walilibeba hilo, wakiwafunga Burkina Faso 2-1 katika fainali pale Gombani, Pemba. Rekodi ya kocha wa Heroes ni fupi kwa sababu amenyimwa mechi, na mtu wa nje akiisoma atadhani ni ya kocha asiyetakiwa na mtu.

Je, wajua kuwa Zanzibar imewahi kufika fainali ikifundishwa na mchekeshaji wa televisheni?

Mwaka 2006, siku chache kabla ya Kombe la Dunia kuanza Ujerumani, timu zisizo wanachama wa FIFA zilialikwa Hamburg kucheza mashindano yaliyoitwa FIFI Wild Cup. Walikuwepo Greenland, Tibet, Gibraltar, Cyprus ya Kaskazini, wenyeji wa mtaa wa St. Pauli na Zanzibar. Kwenye benchi la Zanzibar akawekwa Oliver Pocher, mchekeshaji maarufu wa Ujerumani, kwa ajili ya kipindi cha televisheni. Vijana wakacheza mpira wao, wakafika fainali, wakatoka 0-0 na Cyprus ya Kaskazini na kupoteza kwa penalti. Ukifuata vitabu peke yake, Pocher ni miongoni mwa makocha wachache sana walioifikisha Zanzibar katika fainali ya mashindano ya nje. Hao vijana hakuwafundisha yeye kumiliki mpira wala kupanga ukuta. Waliyajifunza hayo miaka mingi kabla, kwa watu ambao Hamburg hawakualikwa.

Je, wajua kuwa silaha kubwa ya usajili katika Ligi Kuu ya Zanzibar kwa miaka mingi imekuwa ni ajira?

Hapa panataka kukaa kidogo. Ukiacha Mlandege, iliyotwaa ubingwa wa msimu wa 2019/20 na wa 2024/25, kombe la ligi lilizunguka kwa zaidi ya miaka kumi mikononi mwa timu za vikosi: KMKM, ambacho ni Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, Mafunzo, ya wanaosimamia magereza, na Zimamoto. KMKM peke yake ilichukua mara tatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023.

Sababu haina siri. Kijana wa Kwahani au Bububu akisajiliwa na timu ya kikosi, mara nyingi hupata na kazi: mshahara wa kila mwezi, sare na kiinua mgongo uzeeni. Timu ya mtaa itampa nini? Nauli, viatu, na mapenzi ya watu wake. Mzazi yeyote atamwambia mwanawe aende kwenye kikosi, na mzazi huyo hana makosa. Matokeo yake ni kwamba kocha wa kikosi anaanza msimu na vipaji vilivyochujwa kutoka kisiwa kizima, na kocha wa mtaa anaanza na wale waliobaki, akijua kwamba atakayeng'ara mwaka huu hatakuwa naye mwaka ujao.

Kwa hiyo kocha wa mtaa aliyeifikisha timu nafasi ya tano huenda amefanya kazi kubwa kuliko bingwa. Msimamo wa ligi hauna safu ya kulionyesha hilo. Stefan Szymanski, mchumi aliyezichunguza klabu za Uingereza, aligundua kwamba ukijua klabu inalipa mishahara kiasi gani kwa miaka kadhaa, umeshajua kwa sehemu kubwa itamaliza nafasi ya ngapi. Kinachobaki baada ya kuuondoa uzito wa fedha ndicho cha kumpimia kocha, na hicho huwa kidogo.

Je, wajua kuwa Marekani wanawapima makocha wa vyuo vikuu kwa nyota za vijana wa sekondari?

Katika mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na helmeti, makocha wa vyuo kwa miaka mingi hawakununua wachezaji kama klabu zetu. Waliwafuata vijana majumbani na kwenye skuli zao, na kuwavuta kwa udhamini wa masomo. Vijana hupewa nyota, hadi tano, na kila mwaka vyuo hupangwa kwa ubora wa vijana waliowapata hata kabla hawajacheza mechi moja. Nick Saban, aliyestaafu Januari 2024, alichukua ubingwa wa taifa mara saba, sita akiwa Alabama, na kwa miaka mingi alikuwa akiongoza pia katika kuwavuta vijana wenye nyota nyingi. Watu wanabishana hadi leo: alikuwa mwalimu bora au mkusanyaji bora?

Lakini kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika vyuo vya huko ni John Gagliardi, mwenye ushindi mara 489, mwingi aliupata katika chuo kidogo cha Saint John's, Minnesota, alikofundisha kuanzia 1953 hadi 2012. Chuo chake kilikuwa katika daraja ambalo hakuna udhamini wa michezo, na mazoezini aliwakataza wachezaji wake kuangushana. Hakutumia nyota za kununua wala za kuvuta. Akija mtu barzani akasema kwamba bila usajili mkubwa kocha hawezi kitu, mtajieni Gagliardi.

Je, wajua kuwa Mlandege iliwafunga Simba katika fainali ya Kombe la Mapinduzi?

Ilikuwa Januari 2024, Amaan, 1-0. Mwaka mmoja nyuma yake Mlandege hiyo hiyo iliifunga Singida Big Stars 2-1 katika fainali ya kombe hilo. Klabu ya mtaa mmoja wa mjini Unguja, iliyobeba jina la mtaa wake, ililitetea kombe mbele ya klabu ambayo bajeti yake ingeendesha nusu ya ligi yetu. Mechi moja haithibitishi kitu, ni kweli. Fainali mbili mfululizo zinataka kuheshimiwa.

Je, wajua kuwa Gamondi alifukuzwa Yanga baada ya kushinda mechi nane za mwanzo za ligi bila kufungwa hata bao?

Juni 2024 alibeba Kombe la Shirikisho hapa hapa Amaan, kwa penalti dhidi ya Azam, juu ya ubingwa wa ligi. Msimu mpya wa ligi ulipoanza Yanga ikashinda nane kati ya nane, nyavu zake hazijaguswa. Kisha ikafungwa 1-0 na Azam na 3-1 na Tabora United, na katikati ya Novemba akaonyeshwa mlango.

Wanaopenda kufukuza watakutajia Ivory Coast ya 2024: Jean-Louis Gasset aliondoka baada ya kipigo cha 4-0 kutoka kwa Equatorial Guinea, Emerse Faé akashika nafasi yake na kuchukua AFCON. Ni kweli, na ni kisa kimoja. Bas ter Weel, mchumi wa Uholanzi, alizipitia klabu za ligi kuu ya nchini kwake kuanzia 1986 hadi 2004. Alizilinganisha zilizofukuza kocha katika kipindi kibaya na zilizopita katika kipindi kibaya kama hicho zikamvumilia. Zote zilipona, na zilizofukuza hazikupona vizuri zaidi. Ni kwamba timu hufukuza ikiwa imeshuka chini kuliko uwezo wake, na ikipanda tena kwenye kiwango chake cha kawaida, sifa huchukuliwa na aliyekuja.

Je, wajua kuwa njaa ya ushindi katika soka la vijana imewahi kuigharimu Zanzibar vibaya?

Aprili 2018, nchini Burundi, timu yetu ya chini ya miaka 17 iliondolewa katika mashindano ya CECAFA kwa kupeleka wachezaji waliozaliwa kabla ya 2002, na Zanzibar ikapewa adhabu ya kufungiwa na faini. Kocha wa vijana akipimwa kwa makombe tu, mlango wa umri huachwa wazi: mkubwa hushinda leo, mdogo hukosa nafasi, na kipaji hupotea kabla ya kuonekana. Linaloleta faraja ni Novemba 2023, ambapo vijana wa chini ya miaka 15 walikwenda Njeru, Uganda, wakawatoa wenyeji kwa penalti katika fainali na kurudi na kombe la CECAFA la umri huo.

Je, wajua kuwa FIFA inalipa klabu zilizomlea mchezaji, lakini aliyemfundisha hapati hata kutajwa?

Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia tano ya fedha hugawiwa klabu alizochezea kuanzia miaka 12 hadi 23. Ni utaratibu mzuri. Ila kocha wake wa utotoni hayumo. Feisal Salum alipitia JKU kabla ya Yanga na Azam. Ibrahim Hamad "Bacca" aliondoka KMKM kwenda Yanga Januari 2022 na sasa ni nguzo ya ukuta wa Stars. Abdallah Shaibu "Ninja" alitoka Taifa ya Jang'ombe, akapita Yanga, akafika Marekani kuchezea LA Galaxy II. Nadir Haroub "Cannavaro", Mzanzibari, alikuwa nahodha wa Yanga na wa Stars. Majina yao yanajulikana hadi Bara na ng'ambo. Waliowaweka sawa miguu katika timu za vijana za Juvenile na Central, kwenye viwanja vya vumbi na vya Maisara na Mao, hawaandikwi popote, na kwa kisiwa ambacho kila mwaka kinawatoa wachezaji wake kwenda klabu kubwa, hiyo ndiyo rekodi ya ufundishaji yenye thamani kuliko msimamo wowote wa ligi.

Kwa hivyo tunaiomba ZFF, shirikisho la mpira la Zanzibar, na viongozi wa klabu jambo moja lisilo na gharama. Katika fomu ya usajili ya kila mchezaji, chini ya jina lake na tarehe ya kuzaliwa, ongezeni mstari mmoja wa jina la kocha wake wa kwanza. Na wewe msomaji, kama unamjua aliyemfundisha mpira mchezaji yeyote wa mtaani kwako anayevuma leo, usisubiri fomu hiyo: mtaje barzani, na mwandike.